Vidole vya Mwanafunzi: Wapigaji wa Ofikleidi na Ujio wa Tuba Baada ya 1835
Historia ya tuba huanzishwa Berlin tarehe 12 Septemba 1835, Wieprecht na Moritz walipopata hataza ya ala yao yenye vali tano. Masimulizi hayo humtukuza mbunifu, mpigaji husahaulika. Ofikleidi, iliyotangulia tuba katika sauti za besi, ilikuwa na matundu yaliyofunikwa, isipokuwa moja. Mpigaji alipobonyeza, tundu lilifunguka, safu ya hewa ikafupika, sauti ikapanda. Vali ya tuba hutenda kinyume: huongeza urefu wa bomba, nayo sauti hushuka. Mpigaji mzoefu, basi, aliiendea tuba kwa midomo na pumzi zilizokomaa, lakini kwa vidole vya mwanafunzi. (Mpigaji wa tromboni, asiye na mazoea ya vidole ya kusahau, huenda alipata nafuu, hilo ni dhana yangu.) Nchini Ufaransa ilienea tuba ndogo ya C yenye vali sita, ambayo bomba lake la msingi, takriban futi 8, lililingana na la ofikleidi ya C. Midomo ilikuta humo mfuatano uleule wa noti za asili. Ala hiyo ilidumu katika okestra za Paris hadi katikati ya karne ya 20.