Sentimita Moja ya Doha

Wengi wetu katika Afrika Mashariki tunapotaja Mashindano ya Dunia ya Riadha, fikra zetu huelekea moja kwa moja kwenye mbio. Wala si ajabu. Katika mashindano yaliyofanyika Doha, nchini Qatar, tangu tarehe 27 Septemba hadi tarehe 6 Oktoba 2019, Hellen Obiri na Timothy Cheruiyot wa Kenya walipata dhahabu, na Halimah Nakaayi na Joshua Cheptegei wa Uganda vivyo hivyo. Lakini tarehe 5 Oktoba, katika uwanja uo huo wa Khalifa, lilifanyika shindano ambalo halikumpa medali mtu yeyote wa kwetu, na ambalo hata hivyo twaliona kuwa lastahili kusomwa shuleni. Hilo ni shindano la wanaume la kutupa tufe.

Kwanza yafaa tukieleze chombo chenyewe. Tufe la wanaume lina uzito wa kilo 7.26. Hesabu hiyo yaonekana ya ajabu mpaka tukumbuke kwamba asili yake ni ratili 16 za Kiingereza. Mtupaji husimama ndani ya duara lenye kipenyo cha mita 2.135, na mbele yake umewekwa ubao ambao haruhusiwi kuukanyaga kwa juu. Tufe sharti likae shingoni, karibu na kidevu, kisha lisukumwe kutoka begani kwa mkono mmoja. Kwa hakika basi halitupwi, bali husukumwa. Lakini lugha imekwisha kuzoea neno "kutupa", nasi hatuna haja ya kugombana nayo.

Ndani ya duara hilo dogo ndimo ilimofanyika historia yote ya mchezo huu. Zamani mtupaji alisimama ubavu akaruka mara moja na kusukuma. Mapema katika miaka ya 1950 Parry O'Brien wa Marekani aliona kwamba akianza kwa kuupa mgongo upande wa kutupia, tufe lingekaa mikononi mwake kwa muda mrefu zaidi na kupokea nguvu nyingi zaidi. Tarehe 8 Mei 1954 akawa mtu wa kwanza kuvuka futi 60, yaani mita 18.29. Siku mbili kabla yake Roger Bannister alikuwa amekimbia maili moja chini ya dakika nne, na dunia nzima hadi leo hukumbuka habari ya Bannister. Ya O'Brien hukumbukwa na wachache. Baadaye Aleksandr Baryshnikov wa Urusi ya Kisovieti alianza kuzunguka mwili mzima kama mtupa kisahani, na mwaka 1976, mjini Paris, akafikisha mita 22.00. Walikuwapo waliosema kwamba mzunguko ule usingefaa katika duara finyu namna ile. Pale Doha wote watatu waliopata medali walikuwa wazungukaji.

Hapo katikati pana sura ambayo mwalimu hapaswi kuiruka. Mwaka 1990 Randy Barnes wa Marekani alitupa mita 23.12, ikawa rekodi ya dunia. Mwaka uo huo alipatikana na dawa zilizokatazwa akafungiwa, na mwaka 1998 akafungiwa maisha. Rekodi yake haikufutwa. Baada ya Ujerumani Mashariki kutoweka katika mwaka ule wa 1990, nyaraka zake zilionyesha pia kwamba dola lenyewe ndilo lililokuwa likiwapa wanamichezo dawa, wengine hata bila kuelezwa wanachokunywa. Kwa hiyo vijana waliokuja nyuma walikuta mbele yao namba iliyoandikwa kitabuni, wasijue kama ni kipimo cha mwili wa binadamu au cha duka la dawa. Kwetu sisi namba hiyo ibaki kitabuni, maana kufuta si kueleza. Lakini ibaki pamoja na kisa chake.

Tukirudi Doha, twakuta mabingwa watatu katika duara moja. Joe Kovacs wa Marekani alikuwa bingwa wa dunia wa mwaka 2015, Tom Walsh wa New Zealand bingwa wa mwaka 2017, na Ryan Crouser wa Marekani bingwa wa Olimpiki ya mwaka 2016. Rekodi ya mashindano hayo ilikuwa mita 22.23, iliyowekwa na Werner Günthör wa Uswisi mjini Roma mwaka 1987. Ilikuwa imedumu miaka 32. Walsh aliivunja kwa jaribio lake la kwanza kabisa: mita 22.90. Raundi baada ya raundi, hakuna aliyemfikia.

Katika raundi ya mwisho anayeongoza ndiye hutupa mwisho. Kovacs, aliyekuwa akifundishwa na mkewe Ashley, aliingia duarani akiwa wa nne. Alitupa mita 22.91. Darlan Romani wa Brazil, aliyekuwa na mita 22.53, hakuongeza. Akaja Crouser, akatupa mita 22.90. Walsh akabakiwa na jaribio moja, nalo halikumsaidia. Dhahabu ikawa ya Kovacs kwa sentimita moja. Crouser na Walsh walikuwa sawa, ikabidi litazamwe jaribio la pili kwa ubora la kila mmoja, na kwa hilo Crouser akapewa fedha na Walsh shaba. Romani, aliyeivuka rekodi ya Günthör kwa sentimita 30, hakupata kitu.

Mwanafunzi wa hesabu na atazame jambo hili. Kanuni husema kwamba umbali usiotimia sentimita nzima hukatwa, hauongezwi. Mita 22.909 huandikwa 22.90. Basi wale wawili walioandikiwa sawasawa huenda hawakuwa sawa, na tofauti ya Kovacs na Crouser huenda ilikuwa chini ya sentimita au karibu sentimita mbili. Watu wa Tanzania walionja jambo la namna hii tarehe 15 Septemba 2025 mjini Tokyo, Alphonce Simbu alipotwaa dhahabu ya marathoni akiwa ameandikiwa muda ule ule wa saa 2, dakika 9 na sekunde 48 na Amanal Petros wa Ujerumani. Huko kamera iliweza kuamua. Katika tufe hakuna anayerudi kupima shimo upya.

Crouser alirudi mazoezini. Tarehe 18 Juni 2021, mjini Eugene, alitupa mita 23.37, na rekodi ya Barnes ikaondoka mahali ilipokaa kwa miaka 31. Mwaka uliofuata, katika mji uo huo, alikutana tena na Kovacs katika Mashindano ya Dunia: Crouser mita 22.94, Kovacs mita 22.89.