Eimu Anapiga Chuma

Ukitoka Zombe huna budi kuzoea utani. Ukitaja kwenu Nairobi, lazima msee mmoja aulize kama huko mnaishi na mazombi. Zombe ni mji mdogo wa soko upande wa mashariki wa Kitui: jua, vumbi, mbuzi, na watu wanaoheshimu sahani ya muthokoi. Zombi wa sinema hajawahi kuonekana pale. Lakini nikikaa na huo utani, naona una kitu ndani yake.

Zombi wa kwanza, yule wa Haiti, hakuwa akila ubongo wa mtu. Alikuwa maiti aliyefufuliwa ili akafanye kazi shambani bila mshahara na bila kupumzika. Hadithi hiyo ilitungwa na watu waliopitia utumwa, watu ambao waliogopa kwamba hata kifo hakingewatoa kazini. Ni mwili wenye nguvu ambao mwenyewe hayuko.

Siku hizi kuna hadithi za kutisha zinazochekesha na kuchefua kwa pamoja, ambapo jamaa wa jimu anatamani misuli mpaka anaanza kuwatazama wenzake kama nyama. Marafiki zangu wanaona ni mambo mapya kutoka Marekani. Mimi nilizisikia jikoni kwa susu wangu, moshi ukinitoa machozi.

Wakamba wana Eimu, zimwi mlaji asiyeshiba. John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, Kitui, mwaka 1931, alichapisha mkusanyo wa hadithi za Wakamba mwaka 1966, na mazimwi wamo tele. Kwa susu, Eimu alikuja kwenye ngoma akiwa kijana mtanashati: kifua kipana, mabega ya kubeba dunia, wasichana wote hoi. Kwa mbele hakuwa na dosari. Tatizo lilikuwa nyuma: kisogoni alikuwa na mdomo wa pili, na nzi wakipita karibu ulijifungua ukawanasa. Watoto tulicheka mpaka tukashika mbavu. Kisha susu akaendelea kutuambia kilichompata msichana aliyemfuata nyumbani, na kicheko kikakauka.

Leo nikiona kijana anafanya kifua kila siku na hajawahi kufanya mgongo, namkumbuka Eimu. Lakini mwisho wa hadithi ndio ulionikaa zaidi. Zimwi likishindwa, hukatwa kidole kidogo, na hapo hutoka wote waliomezwa: watu, ng'ombe, mbuzi. Yaani ule mwili wote mkubwa haukuwa wake. Ulikuwa kijiji kizima ndani ya ngozi moja.

Sasa twende London. Tarehe 14 Septemba 1901, Eugen Sandow, mzaliwa wa Prussia aliyetajirika kwa kuonyesha misuli yake jukwaani, aliandaa shindano kubwa la kutunisha misuli katika ukumbi wa Royal Albert. Mmoja wa waamuzi alikuwa Arthur Conan Doyle, yule mwandishi wa Sherlock Holmes. Fikiria: muungwana amekaa, anakagua mikono ya wanaume, anaamua upi ni bora. Miaka minane baadaye, mwaka 1909, Conan Doyle huyohuyo alitoa kitabu cha kulaani ukatili wa mfalme Leopold huko Kongo, ambako askari wa kampuni za mpira waliwakata wanakijiji mikono na kuipeleka kwa wakubwa wao kama ushahidi kwamba risasi hazikupotea bure. Huko pia mikono ilihesabiwa. Hakuna mtunzi wa hadithi za kutisha ambaye angethubutu kubuni jambo kama hilo. Wasomaji wangesema amezidisha.

Na sisi tulikaguliwa. Vita vya kwanza vya dunia vilipofika Afrika Mashariki mwaka 1914, Waingereza walihitaji watu wa kubeba chakula na risasi, kwa kuwa mbung'o waliwaua wanyama wa mizigo. Mwaka 1917 msako ukawa mkali, na Wakamba walikuwa miongoni mwa waliochukuliwa kwa wingi. Daktari alimtazama mwanamume juu hadi chini: huyu anafaa, yule hafai. Aliyeonekana na afya ndiye aliyeondoka. Kwa mara ya kwanza ikawa heri uwe mwembamba na ukohoe vizuri.

Waliofaulu walibebeshwa mzigo wa kilo 25 hivi na kutembea hadi ndani ya Tanganyika. Wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara, malaria, na unga wa mahindi uliosagwa vibaya na kupikwa haraka, ambao matumbo yao hayakuuweza. Hesabu za serikali yenyewe zilikubali vifo zaidi ya 40,000 vya wapagazi. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, limebaki midomoni mwetu kama Kariokor, na Dar es Salaam kama Kariakoo. Tunaenda huko kununua vyondo na kula nyama choma.

Mwaka 1928 sanamu za kuwakumbuka zilisimamishwa katikati ya Nairobi, kwenye barabara ambayo leo inaitwa Kenyatta. Pitia siku moja, usimame kidogo. Wanaume wa shaba, wamesimama imara, miili imeshiba. Shaba haiharishi.

Katika miaka hiyohiyo ya ukoloni, Nairobi na pwani zilijaa habari za mumiani: watu wanaoteka wenzao usiku na kuwanyonya damu ili itengenezwe dawa. Nairobi washukiwa walikuwa wazimamoto, pengine kwa sababu ya magari yao mekundu. Mwanahistoria Luise White aliandika kitabu kizima juu ya uvumi huo mwaka 2000, na hakuwacheka waliosimulia. Wazungu waliita ushirikina, ilhali Ulaya yenyewe ilikuwa imesaga maiti za Misri kwa karne kadhaa na kuziuza madukani kama dawa. Wazee wetu walikuwa wameona vijana wenye afya wakiondoka na kutorudi, na mahali fulani mtu mwingine akinenepa. Mumiani ilikuwa hesabu ya haki iliyoandikwa kwa lugha ya hofu.

Ndiyo maana jimu hainichekeshi peke yake. Vijana wa kwetu wananyanyua bomba lenye mikebe ya rangi iliyojazwa saruji kila ncha. Wanapiga tizi chini ya mwembe, na nawaheshimu sana. Wengi wanajenga mwili kwa sababu ndicho kitu pekee walicho nacho cha kuuza: ulinzi, ubaunsa mlangoni mwa klabu, kazi za Ghuba. Anayekuajiri bado anakutazama juu hadi chini.

Kisha anakuja jamaa na kichupa. Sindano za homoni zinafanya kweli kile zinachoahidi: misuli inaumuka. Zinafanya na mengine. Moyo unatanuka, ini linachoka, matiti yanaota, na kende zinasinyaa. Nimewasikia wakilitania hilo la mwisho na kucheka hadi kukaa chini, kisha mmoja akauliza kwa sauti ndogo, bei ni ngapi.

Susu angemjibu. Angemuuliza: huo mwili ukishakuwa mkubwa hivyo, ni nani aliye ndani yake? Mimi ningemwongezea swali moja: nani atakula mshahara wake? Kama jibu si wewe, weka kichupa chini, ule muthokoi wako, na kesho ufanye mgongo.