Meza za Kaifeng Kabla ya Paris

Tangu UNESCO ilipouingiza mlo wa sherehe wa Wafaransa katika orodha yake ya urithi wa binadamu mwaka 2010, dai la zamani limepata nguvu mpya: kwamba mgahawa, mahali pa kuketi na marafiki, kila mtu akaagiza apendacho na mazungumzo yakaendelea, ulizaliwa Paris. Tunasimuliwa habari za Boulanger, aliyeuza miguu ya kondoo mwaka 1765, akashtakiwa na chama cha wapishi, akashinda. Hadithi hiyo iachwe. Mwanahistoria Rebecca Spang aliisaka kesi hiyo katika nyaraka asiione. Aliyemkuta ni Mathurin Roze de Chantoiseau, ambaye katika miaka ya 1760 alifungua nyumba ya kuuzia supu nzito watu wenye afya dhaifu. Walioingia humo walifuata tiba. Meza ndefu za marafiki zilikuja baadaye.

Lakini kwingine meza hizo zilikuwepo karne nyingi kabla, na shahidi wetu ni Meng Yuanlao, na inasikitisha kwamba wanaosimulia historia ya mgahawa humpita kama hawamwoni.

Meng alifika Kaifeng, mji mkuu wa China chini ya nasaba ya Wasong, mwaka 1103. Wajurchen, wavamizi kutoka kaskazini, walipouteka mji mwaka 1127, alikuwa mmoja wa maelfu waliokimbilia kusini, na mwaka 1147 aliandika dibaji ya kumbukumbu zake. Anahesabu nyumba kubwa za mvinyo 72. Mashuhuri zaidi, Fanlou, ilikuwa na majengo matano ya ghorofa tatu yaliyounganishwa kwa madaraja ya juu. Watu walikatazwa kupanda jengo mojawapo kwa sababu lilichungulia ikulu. Watu walijaa mchana na usiku, mvua ikinyesha au jua likiwaka. Waliokaa wawili tu waliandaliwa vyombo vya fedha. Hata kaya maskini ikiagiza mvinyo nyumbani ilipelekewa vyombo hivyo, na kama wenyewe wamekesha wakinywa, vilifuatwa kesho yake.

Kwenye nyumba za chakula, huyu alitaka cha moto, yule cha baridi, mwingine vuguvugu. Mhudumu aliyashika yote kichwani, akayatangaza jikoni, kisha akarudi na bakuli tatu mkono wa kushoto na nyingine kama 20 zimepangwa mkono wa kulia, kuanzia kiganjani hadi begani. Akikosea, mteja alimshtaki kwa mwenye nyumba, naye akakaripiwa, akakatwa mshahara au akafukuzwa.

Wapo wanaosema Meng ni mkimbizi aliyeupamba mji alioupoteza. Hoja hiyo inastahili kusikilizwa, kwani majonzi yake yanaonekana wazi. Lakini majonzi hayamfanyi mtu akumbuke mshahara wa mhudumu ulivyokatwa. Tena tunao mchoro mrefu wa mchoraji Zhang Zeduan unaoonyesha mji wa enzi hiyo ukingoni mwa mto, na ndani yake nyumba ya mvinyo yenye ghorofa, wateja wameketi juu.

Wala desturi haikufa na mji. Kitabu cha mwaka 1235 kinachoeleza Hangzhou, makao mapya ya Wasong, kinasema wengi wa waliofungua nyumba za chakula huko walikuwa watu wa Kaifeng.