Kuunganisha viatu viwili: ni uvumbuzi au ni ufundi tu?

Mafundi wa viatu hapa Pwani huniuliza: nikichukua soli ya akala nikaitia gidamu ya makubadhi, nimevumbua kitu? Jibu langu ni kwamba kuunganisha peke yake hakutoshi, lakini pia hakukuzuii.

Hataza humpa mvumbuzi haki ya kuwazuia wengine wasitengeneze wala kuuza uvumbuzi wake. Kenya hudumu miaka 20. Sheria ya Mali ya Viwandani ya mwaka 2001 inataka mambo matatu: kitu kiwe kipya, kiwe na hatua ya kiuvumbuzi, na kiweze kutumika viwandani. Wengi hukwama kwenye la pili. Kiatu chaweza kuwa kipya kabisa, lakini ikiwa fundi yeyote mwenye ujuzi wa kawaida angekifikia bila kuumiza kichwa, hatua hiyo haipo.

Mfano mzuri ni kesi ya Crocs iliyoamuliwa Marekani Februari 2010. Viatu vya povu vya kutumbukiza mguu vilikuwapo tayari. Ukanda wa kisigino nao ulikuwapo kwenye viatu vingine. Tume ya Biashara ya Kimataifa ya nchi hiyo ikaona kwamba kuviunganisha ni jambo lililo wazi kwa fundi. Mahakama ya rufaa ilikataa. Ilisema ujuzi uliokuwapo uliwaelekeza mafundi wasitumie povu kwenye ukanda, kwa kuwa hunyumbuka, hupoteza umbo na huweza kuukera mguu. Tena, ukanda wa Crocs haukukaza kisigino muda wote: msuguano wa povu kwa povu uliushikilia pale ulipoachwa, ukaugusa mguu unapohitajika tu. Mahakama ilizingatia pia mauzo makubwa na jinsi wengine walivyoiga.

Uamuzi huo haufungi mahakama zetu, lakini mimi huutumia kama kipimo. Jiulize: je, vipande vyako vikiwa pamoja vinafanya kazi ambayo kila kimoja hakikuifanya peke yake? Je, mafundi wenzako wangesema haitafaa? Je, kuna tatizo la zamani ulilolitatua? Kama soli inabaki soli na gidamu inabaki gidamu, hiyo ni kazi nzuri ya mikono, si uvumbuzi wa hataza.

Hata hivyo usikate tamaa. Sheria yetu ina cheti cha maboresho madogo kisichodai hatua ya kiuvumbuzi, nacho hudumu miaka 10. Ikiwa kipya ni sura ya kiatu tu, sajili muundo wake: miaka 5, na waweza kuongezwa hadi 15.

Lolote utakalochagua, peleka ombi kwa taasisi ya KIPI kabla hujaanika kiatu sokoni. Kikishaonekana na watu, upya wake huanza kutiliwa shaka, na nchi nyingine hazitakusamehe.