Kinu cha Upepo cha Pitstone: Nani Aliyekiokoa?

Katika insha hii nitaeleza historia ya kinu cha upepo cha Pitstone, kijiji cha Buckinghamshire, Uingereza. Hoja yangu ni kwamba jengo la kale haliokolewi na hati ya umiliki peke yake, bali na watu wanaokubali kulifanyia kazi.

Kinu hiki ni cha mbao. Chumba kizima, pamoja na mawe ya kusagia na mabawa manne, kimekaa juu ya nguzo moja kubwa ya katikati. Upepo ulipogeuka, msagaji alisukuma mti mrefu uliotokeza nyuma mpaka mabawa yakauelekea. Kwenye mbao zake umechongwa mwaka 1627. Mwaka huo yafaa usomwe kwa uangalifu, kwani huenda ni wa kujengwa au wa kukarabatiwa.

Mwaka 1874, Earl Brownlow, mwenye mashamba makubwa, alikinunua kutoka kwa kampuni ya mfereji akakikodisha kwa mkulima. Lakini biashara ilikuwa ikibadilika. Ngano ya bei nafuu ilimiminika kutoka Amerika, ikasagwa bandarini kwa mitambo ya mvuke isiyosubiri upepo. Kwa hiyo dhoruba ilipokiharibu kinu mwaka 1902, matengenezo hayakulipa tena, kikaachwa. Wengine huilaumu dhoruba. Mimi naona dhoruba ilimalizia tu kazi ya soko: vinu viliharibiwa na upepo tangu zamani, vikatengenezwa kwa sababu unga wake ulihitajika.

Mwaka 1937 kinu kilikabidhiwa kwa National Trust, shirika la kuhifadhi urithi. Hata hivyo, ilipita miaka 26 kabla ya ukarabati kuanza. Mwaka 1963 watu wa kujitolea waliushika kwa gharama zao wenyewe, na mwaka 1970 kinu kikasaga nafaka tena, baada ya miaka 68 ya ukimya.

Mtu aweza kuuliza faida yake, ikiwa unga unapatikana dukani. Jibu langu ni kwamba kinu kinachozunguka hutufundisha kazi ya msagaji kuliko maandishi: uzito wa mti ule, na subira ya kungoja upepo. Sheria ilikipa kinu mlinzi. Uhai kilirudishiwa na mikono ya watu.