Kaole: jiwe lililochongwa likiwa bichi

Daladala ya Bagamoyo ikishaiacha Mapinga hupita Kerege na Zinga, na njia nzima macho yanakutana na viwanja vinavyouzwa, kuta zilizoishia kwenye lenta, na matofali ya saruji yaliyoanikwa juani. Ni abiria wachache wanaojua kwamba ufuo huu ulikuwa na mji wa mawe mamia ya miaka kabla Bagamoyo haijavuma. Mabaki yake yapo Kaole, kama kilomita tano kusini mwa Bagamoyo mjini: misikiti miwili, makaburi ishirini na ushee, kisima, na jengo dogo la makumbusho. Msikiti mkongwe kati ya hiyo miwili unahesabiwa kuwa wa karne ya 13.

Mgeni akifika hupokewa kwa hadithi. Ataonyeshwa kisima kisichokauka, mbuyu wa kuzungukwa ili umri uongezeke, na kaburi la Sharifa ambako watu bado huja na nadhiri zao. Sina ugomvi na hadithi hizo, kwani naamini zimesaidia sana kupaheshimisha mahali hapa. Ila ningemwomba mgeni asimame kwanza mbele ya jiwe lenyewe na kuuliza lilichongwaje.

Mafundi wa mwambao walitumia mawe ya namna mbili. Kuta zilijengwa kwa jiwe gumu la pwani, yaani matumbawe ya kale yaliyobaki nchi kavu, likavunjwa vipande na kushikamanishwa kwa chokaa. Lakini kazi ya nakshi, kama mihrabu na vizingiti vya milango, ilitaka jiwe jingine. Maji yakipwa, watu walikwenda miambani kukata tumbawe hai. Likitoka baharini, tumbawe hilo linakubali tezo na patasi kama muhogo mbichi. Likishapigwa na jua hukauka na kuwa gumu kabisa. Fundi basi alifanya kazi akishindana na jua, na mkono ulioteleza uliacha alama isiyofutika. Hata chokaa ilitoka baharini: matumbawe yalichomwa juu ya rundo la magogo, kisha chokaa ikazimwa kwa maji na kuachwa ikomae.

Ufundi huo ulikuwa umekomaa zamani sana. Pale Kizimkazi, Unguja, maandishi ya Kikufi yamechongwa kwenye mihrabu ya tumbawe na yanataja mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107. Gedi nchini Kenya lipo kaburi lenye tarehe inayolingana na 1399. Kaole iko katika mkondo huo huo wa kazi.

Kinachoitambulisha Kaole zaidi ni makaburi yake ya nguzo. Kaburi limezungushiwa ukuta mfupi, na juu yake nguzo ya mawe imesimama wima, nyingine zikimzidi mtu urefu mara kadhaa. Itazame nguzo kwa karibu, upande wa juu. Utaona mashimo ya duara, yenye kina kidogo, yaliyosawazishwa kwa chokaa. Humo zilipachikwa bakuli za China, mdomo ukitazama nje, ziwe pambo na heshima kwa marehemu. Bakuli zenyewe zimekwisha ondoka, mashimo yamebaki.

Hapo ndipo makumbusho yanapoonyesha thamani yake, pamoja na udogo wake. Kabatini mna vigae vya vyombo vya kijani vya China, na mng'ao wake haujafifia. Mgeni anayeviona vigae hivyo kwanza akitoka nje anaisoma nguzo. Anayeanzia kwenye nguzo anaona matundu tu. Kwa maoni yangu kila ziara ingeanzia ndani.

Neville Chittick, aliyekuwa mhifadhi wa kwanza wa mambo ya kale Tanganyika, alichimba Kaole mwaka 1958. Wakati ule ilikuwa kawaida kuieleza miji ya mwambao kama kazi ya wageni kutoka Uajemi na Arabuni. Makaburi ya nguzo yanalipinga elezo hilo. Yanapatikana kuanzia pwani ya Somalia, Malindi na Gedi, hadi Tongoni karibu na Tanga na Kunduchi hapa Dar es Salaam, na ni mtindo wa pwani yetu. Dini ilivuka bahari, bakuli zikaja na majahazi, lakini wazo la kumsimamishia marehemu nguzo na kuipamba hivi lilizaliwa huku, mikononi mwa watu waliolijua tumbawe.

Mji ulififia. Tope lilijaa ufukoni, mikoko ikaota mahali vyombo vilipotia nanga, na biashara ikahamia Bagamoyo. Hata hivyo wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walipovuka kutoka Unguja mwaka 1857 waliteremkia Kaole, ambako Sultani wa Zanzibar alikuwa bado na askari wake wa Kibaluchi.

Leo ujenzi unasogea kutoka Mapinga kuelekea kaskazini, na kila msingi unaochimbwa kwenye ukanda huu unaweza kugusa makazi ya kale. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863, na inamtaka anayevigundua atoe taarifa serikalini. Kwa hiyo kigae cha kijani kikiibuka kwenye koleo, fundi asikitupe kwenye kifusi: asimamishe kuchimba pale kilipotokea na kwenda kuripoti.