Jina Lililofungiwa Daftarini

Kabla ya vyeti kufika Butiama, jina la mtu ndilo lililokuwa daftari lake. Mzee Burito alipata mtoto wa kiume mwaka ambao viwavi walivamia, na mtoto akaitwa Nyerere, yaani viwavi. Mtoto huyo alikua akawa mtemi wa Wazanaki wa Butiama. Tarehe 13 Aprili 1922 mkewe Mugaya alijifungua siku ya mvua kubwa, na mtoto akapewa jina la Kambarage, mzimu wa mvua. Aliyeyasikia majina hayo alijua pa kuanzia kuuliza: viwavi wa mwaka gani, mvua ya msimu upi, kwa nani.

Si kila mtoto wa nchi hii alibaki na jina lake. Miaka ya 1890 sotoka ilimaliza ng'ombe, ndui ikafuata, na njaa ikawasukuma watu wa Mara kutafuta chakula kwa majirani, wengine hadi Usukuma. Wapo wazazi waliotoa watoto ili wapate nafaka, na watoto hao wakapokewa, wakapewa ukoo mpya, wakalelewa. Wazee walijua nani alikuja vipi, ila hawakusema hovyo, kwa sababu kumtaja mtu hadharani kwamba bibi yake alibadilishwa kwa chakula lilikuwa tusi. Siri ilikuwepo, lakini iliwekwa na watu ambao ungeweza kukaa nao barazani ukawauliza kwa adabu. Mwanahistoria Jan Bender Shetler alizunguka Mara miaka ya 1990 akikusanya masimulizi ya wazee, wakiwemo wa Ikizu wilayani Bunda, na kitabu cha masimulizi hayo kikatoka mwaka 2003.

Siri ya pili ililetwa na serikali. Miaka ya 1950 Tanganyika ilipata sheria ya kuasili watoto, iliyokuja kujulikana kama Sura ya 335. Kwa utaratibu wake, mahakama ikishatoa amri, mtoto anaingizwa katika Daftari la Watoto Walioasiliwa kwa jina lake jipya na la wazazi wapya. Kule kwenye daftari la vizazi, mstari wake wa zamani unawekewa alama kwamba ameasiliwa. Halafu kuna kumbukumbu za tatu, zile zinazounganisha mstari wa zamani na mpya. Hizo hazifunguliwi kwa kila mtu. Msajili haruhusiwi kutoa kilichomo bila amri ya mahakama.

Kufuli hilo lilichongwa Uingereza. Ila Scotland, tangu sheria yake ya mwaka 1930, ilimruhusu aliyeasiliwa kuona cheti chake cha kwanza akifika miaka 17, na England nayo ikawafungulia watu wazima kwa sheria ya mwaka 1975. Sisi tuliorithi kufuli tumebaki nalo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilifuta Sura ya 335 lakini ikalihifadhi. Iliongeza jambo moja zuri: mzazi aliyeasili anapaswa kumweleza mtoto kwamba ameasiliwa na waliomzaa ni nani, mtoto akiwa ametimiza angalau miaka 14 na ikiwa ni kwa manufaa yake. Mtu mwingine haruhusiwi kumweleza. Kwa hiyo mzazi akifa kimya, anaondoka na ufunguo, na mtu wa miaka 40 anabaki kupiga hodi kwa jaji ili aambiwe mama yake ni nani. Naliona hilo kuwa kosa, na Bunge linaweza kulirekebisha.

Kwa aliye Musoma leo, mlango wa jaji huyo uko karibu kuliko zamani. Maombi ya kuasili kwa kawaida husikilizwa na Mahakama Kuu, na kabla Musoma haijapata kanda yake, mashauri ya Mara yalikwenda Mwanza. Uliza kwanza jalada lako liko masijala ipi. Nenda na cheti chako cha kuzaliwa, kitambulisho, na nambari ya shauri kama nyumbani ipo. Ndani ya jalada hutarajiwa kuwemo ripoti ya afisa ustawi wa jamii, na humo mara nyingi ndimo yalimo maisha yako ya mwanzo. Majalada ya zamani yameandikwa kwa Kiingereza, basi tafuta wa kukusomea. 

Lakini wengi wa Mara waliolelewa na bibi, shangazi au misheni hawakupita mahakamani kabisa. Jalada lao halipo popote. Wao watafute kitabu cha ubatizo, cha parokia au cha Wamennonite waliofika Shirati mwaka 1934, maana huenda humo wameandikwa wazazi, na katika cha parokia wasimamizi pia. Watafute kadi ya kliniki. Zaidi ya yote wawahi wazee, kwa sababu bibi anayejua ana miaka themanini na kitu.

Nawe mzazi uliyeasili, kama mwanao ni mtu mzima na ile amri ya mahakama ingali kabatini, itoe. Mpe nambari ya shauri wiki hii, ukiwa hai.